Muulize Mwalimu: Maswali ya Januari, darasa la kwanza limefunguka na vilio vyake

Mbukwenyi wasomaji. Shule zimefunguliwa, mvua nazo mwaka huu hazijambo, na meseji zenu zimekuja nyingi mpaka mhariri ananiuliza kama nagawa sukari. Kwa wageni wa safu hii, mi ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, nimeanzia vijijini huko Kongwa na Chamwino alafu nikaja kumalizia mjini Dodoma, kwa hiyo mambo ya Januari nayajua kwa kuyaishi. Nimechagua yale yanayojirudia, majina nimeyatoa, mengine nimeyafupisha. Yale ya kutukana walimu nimeyaacha, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni ajira mpya, nimepangiwa shule moja ya kijijini huku Bahi, nikafika tu nikakabidhiwa darasa la kwanza, nasikia ndio utaratibu wao, mgeni anapewa la kwanza. Nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wengine wanakaa chini, na karibu robo yao hawajapita awali, Kiswahili wanakisikia tu redioni, nyumbani ni Kigogo mwanzo mwisho. Wiki nzima nimeshinda nasema kaeni chini kaeni chini mpaka sauti imekata, herufi sijafundisha hata moja, alafu afisa elimu kata kaja kaniomba andalio la somo. Nianzie wapi? (Ticha Mpya, Bahi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla sijakujibu nitoe la moyoni, huu mtindo wa kumpa mgeni darasa la kwanza siupendi na sijawahi kuupenda. Darasa la kwanza apewe mwalimu aliyekomaa, mwenye mkono mzuri ubaoni na roho ya kusubiri, mgeni aanze la tatu au la nne huku akijifunza. Lakini ndo umeshapewa, twende hivohivo.

Jambo la kwanza, hiyo idadi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 shule ya msingi, na awali ni 25, kwa hiyo wewe unabeba madarasa mawili na zaidi, usijilaumu eti hujui kutuliza darasa. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu, mwombe muwagawe mikondo miwili hata kama chumba ni kimoja. Kundi moja linaingia asubuhi jingine linaingia baada ya mapumziko, au nusu wanakuwa ndani na nusu wako chini ya mti na mwalimu mwenzako wanaimba na kuhesabu, alafu mnabadilishana. Huko Bahi miti ipo na asubuhi jua bado la kistaarabu. Na jiandae maana idadi itaongezeka, uandikishaji wa darasa la kwanza huwa unaendelea mpaka mwisho wa Machi, kila Jumatatu utaona kichwa kipya kimesimama mlangoni na bibi yake.

Pili acha kupiga kelele. Watoto mia wanakushinda kwa sauti, hilo halina mjadala. Tafuta ishara moja na uifundishe kama somo, mfano unapiga makofi matatu wao wanajibu mawili na mikono inaenda kichwani. Ifanyeni kama mchezo, waache wapige kelele makusudi alafu piga makofi, waone kimya kinavyokuja. Rudia asubuhi, rudia mchana, rudia kesho. Wakishaizoea ndo utaongea kwa sauti ya kawaida na wao wenyewe watanyamazishana.

Tatu, na hapa ndo walimu wengi vijana mnaparuka, wiki za mwanzo somo kubwa sio herufi. Somo ni mlango, choo, maji na daftari. Unacheka lakini nakwambia kweli. Wapeleke chooni kwa makundi, wavulana hapa wasichana pale, waoneshe wanachuchumaa vipi, mlango unafungwaje, na wakitoka wananawa wapi. Kama hamna bomba basi kibuyu chirizi, kidumu kimetobolewa kinaning'inia kwenye mti, mtoto anakanyaga kijiti maji yanatoka, wanakipenda mpaka utawafukuza. Kuna watoto hawajawahi kuingia choo cha tundu refu lenye giza, wanaogopa kudumbukia, sa mtoto kama huyo atajikojolea darasani siku tatu mfululizo na wewe utaandika kwenye kichwa chako kwamba ni mzembe, kumbe hajui tu aende wapi na anaogopa kukuuliza maana wewe ndo yule unayepiga kelele.

Daftari sasa. Kugawa madaftari mia kwa kuita jina mojamoja kipindi kinaisha, unafunga mlango mnaenda nyumbani. Fanya hivi. Wagawe makundi kumi, kila kundi lipe jina la mti wanaoujua, Mbuyu, Mkwaju, Mzambarau, Mwembe na kuendelea. Kila kundi boksi lake la kadibodi, omba dukani maboksi ya sabuni wanayatupa. Kila kundi kiranja wake, na usichague mwenye kimo, chagua mwenye kutulia. Andika majina kwenye majalada wewe mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, usimwachie mzazi maana utaletewa madaftari matano yameandikwa "Mama Juma". Na wiki hizi za mvua madaftari yalale shuleni, yakienda nyumbani yatarudi yamelowa au yatarudi yamekuwa karatasi za kuwashia moto. Penseli kata nusu, moja inatosha watoto wawili, na kuchonga unachonga wewe mwenyewe kabla ya kipindi, wembe usiuone mkononi mwa mtoto wa miaka sita hata akisema kwao anachonga kila siku.

Kuhusu lugha. Usiwakataze Kigogo. Mtoto akikuomba ruhusa ya kwenda nje kwa Kigogo mruhusu, alafu mwambie maneno yaleyale kwa Kiswahili, ayarudie huku anatoka. Kesho yake atayasema nusu, keshokutwa yote. Mkalishe karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili, hao wapo kila darasa na wanapenda kutafsiri, wanajiona maprofesa. Na wewe mwenyewe jifunze salamu na maneno machache ya amri na ya upendo, hujasema unatoka mkoa gani ila wazazi wakisikia umesema mbukwenyi kwenye kikao cha kwanza utaona wanavokaa vizuri kwenye viti.

Ukifika kwenye herufi, nenda na sauti, usiende na jina. Mtoto ukimwambia hii inaitwa "ma" alafu umwekee a mbele atakusomea "maa", na yuko sahihi kabisa kwa ulivyomfundisha. Mwambie hii inalia mmm, midomo imefungwa. Anza a e i o u, alafu chukua konsonanti chache zinazozaa maneno haraka, mi napenda m, k, t na l, maana kwa hizo tu mtoto anasoma mama, kaka, kuku, moto, kiti, tatu, lala, na siku akisoma kuku mwenyewe bila kuongozwa utamwona anakuangalia usoni kuhakikisha umesikia. Yale ya ng', mb, nd, sh, dh yaache kabisa kwanza. R na l watachanganya, hapa kanda ya kati wengi wanachanganya na wazazi wao pia, atakuandikia "kura" akimaanisha kula ugali, usimcheke, msahihishe kwa kutamka tu. Kuandika aanze hewani kwa kidole, alafu chini kwenye mchanga, mvua ikishanyesha mchanga wa nje unakuwa ubao mzuri kuliko ubao wenyewe, unafutika na haugharimu chaki. Kuhesabu kila mmoja aje na vijiti kumi vimefungwa kamba. Maharage usithubutu, mwezi wa kwanza huku ni mwezi wa njaa ghala zimeisha, yataliwa mabichi, tumia vizibo vya soda au mawe.

Na afisa elimu kata usimwogope. Andalio liandike hivohivo ulivyofanya, kwamba leo mwanafunzi aweze kufuata maelekezo ya ishara, aweze kutaja jina lake na la kundi lake, aweze kushika penseli. Ni umahiri huo, sio mchezo. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wa darasa la kwanza na la pili ulivyoletwa 2015 sababu yake ilikuwa watoto wanapanda madarasa hawajui kusoma, na hawakujua kusoma kwa vile tulikuwa tunakimbiza mada nyingi kabla mtoto hajakaa. Mwelewa ataelewa, asiyeelewa mwoneshe darasa lako mwezi wa tatu.

Ah, na la mwisho kwako, mahudhurio. Huu ni msimu wa palizi, familia nzima iko kwenye mtama na uwele, mtoto wa miaka sita anabaki na kichanga chini ya mti wakati mama analima. Asipoonekana siku nne usimkate kwenye rejista wala usimpokee kwa maneno, ulizia kwa ndugu zake wa madarasa ya juu, mtumie salamu. Mtoto aliyetumiwa salamu na mwalimu anarudi.

SWALI: Habari mwalimu, mwanangu katoka nasari ya kulipia hapa Nzuguni, anasoma hadithi nzima, sasa tumemwingiza la kwanza shule ya serikali kwa sababu ya hali, anarudi anasema mama leo tumeimba tu na tumeandika a. Baba yake anataka tukaombe arushwe la pili. Unashaurije? (Mama D, Nzuguni)

JIBU: Salama mama. Msimrushe. Kwanza mpime kidogo jioni kabla ya kumtangaza profesa, chukua gazeti au karatasi yoyote ambayo hajawahi kuiona, mwambie asome sentensi mbili alafu funika umuulize imesema nini. Wengi wa nasari wamekariri kile kitabu chao, ukurasa wa tatu wanausoma hata ukigeuza kitabu juu chini. Akisoma na akaelewa basi kweli anajua na hongera.

Kama nasari yake ilikuwa ya Kiingereza angalia pia anavyosoma irabu, maana hao huwa wanakuja na a ya kule wanasoma "ei" na i wanasoma "ai", kiti kinakuwa kaiti, na kwa mtoto kama huyo zile nyimbo za a e i o u anazozidharau ndo dawa yake yenyewe. Pia la kwanza kuna mambo hawezi kuyapata kwa kurushwa, kushika penseli, kuandika ndani ya mstari, kukaa na wenzake sabini na kusubiri zamu. Nimewaona waliorushwa, kusoma wanasoma, ila la pili wanakuwa wadogo kuliko wote, wanasukumwa kwenye foleni ya uji, na hesabu za kubeba na kukopa zinawapiga.

Ongea na mwalimu wake, mwambie tu mtoto anasoma, mwalimu mzuri atamfanya msaidizi wa kundi na hatachoka. Nyumbani mpe vitabu. Mjini kuna maktaba ya mkoa, Jumamosi mpeleke mkaulizie vya watoto, nauli ya daladala ni rahisi kuliko nasari uliyokuwa unalipa.

SWALI: Mwalimu mwanangu wa kike analia getini kila siku mpaka namwonea huruma, ananing'ang'ania gauni, wiki ya pili sasa. Jana nilimdanganya naenda kununua vocha nikakimbia na bodaboda, leo kagoma hata kuvaa sare. Nifanyeje? (Mama Aisha, Nkuhungu)

JIBU: Hiyo ya vocha ndo imeharibu mama Aisha. Usimkimbie tena. Mtoto ukimtoroka mara moja anakushika kwa mikono miwili siku zote zinazofuata, kwa akili yake ukigeuka tu unapotea. Muage kwa maneno mafupi, mwambie nani atamfuata na lini, kwa lugha ya mtoto, "ukishakunywa uji na kengele ikilia mi nitakuwa pale kwenye mwarobaini", alafu kweli uwe pale kwenye mwarobaini kabla kengele haijalia. Usisimame dirishani unachungulia, akikuona kilio kinaanza upya na cha wenzake pia kinaamka, mwalimu atakuchukia. Mwombe mwalimu au dada mmoja wa darasa la sita wa mtaani kwenu ampokee mkono kwa mkono, apewe kazi ndogo, kubeba boksi la chaki, kufuta ubao. Kulia wiki mbili ni kawaida kabisa, wengine mwezi.

Ila sikiliza kilio chenyewe. Anayelia getini na baada ya dakika kumi anacheza, huyo hana neno. Anayelia akisikia jina la mtu mmoja maalum, iwe mwalimu, iwe mlinzi, iwe dereva wa bajaji anayempeleka, au amebadilika usingizi, anaumwa tumbo kila asubuhi ila Jumamosi haumwi, au ana alama mwilini, hapo kaa naye chini taratibu bila kumkaripia na umwamini atakachokuambia. Kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni bure kupiga, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Sikutishi, nakwambia tu ujue pa kwenda.

SWALI: Elimu si bure? Mbona shuleni kwa mwanangu nimeambiwa nilete hela ya dawati, rimu mbili, hela ya mlinzi, fagio, na hela ya uji, na mtoto kaambiwa asiingie darasani mpaka vitimie. Nimekasirika sana. (Baba mwenye hasira, Chang'ombe)

JIBU: Una haki ya kukasirika nusu, nusu nyingine nitakunyima.

Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ndo uliofuta ada na michango, ukaanza Januari 2016, na waraka namba 3 wa 2016 ukaja kueleza nani abebe nini. Serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, inahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, na ndani yake ndo kuna chaki na karatasi za ofisi na za mitihani. Mzazi yeye anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mwanae na chakula chake kama ni wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, na akataka walimu wasishike hizo hela. Kwa hiyo kumzuia mtoto mlangoni eti dawati, hapana, hilo halikubaliki hata kidogo, na mtoto wa darasa la kwanza hana hata hilo dawati kichwani mwake, yeye anajua tu amekataliwa.

Nusu ninayokunyima ni hii. Uji. Chakula cha mtoto ni chako. Mtoto aliyetoka nyumbani gizani bila kitu tumboni saa nne anasinzia, mi nawajua kwa macho, na mwalimu hawezi kumfundisha mtu anayesinzia. Kama wazazi mlikaa kikao mkakubaliana debe la mahindi au hela kidogo kwa mwezi, toa baba, tena toa kwa moyo. Mlinzi na dawati pia jamii inaweza kuamua kuchangia kwa hiari kwenye mkutano wake wa mtaa, sio kosa, kosa ni kulazimishana na kumtumia mtoto kama dhamana.

Cha kufanya, usiende kufoka ofisini. Muulize mwalimu mkuu mchango huu uliamuliwa kikao gani, omba kuona muhtasari, uliza anayepokea hela ni nani na risiti ipo. Mtafute mwenyekiti wa kamati ya shule, huyo ni mzazi mwenzako. Ikishindikana, afisa elimu kata, alafu ofisi ya mkurugenzi wa jiji. Mara nyingi haifiki huko, ukishauliza muhtasari tu mambo yanalainika yenyewe. Ila na wewe nenda kwenye hivyo vikao, maana najua huendi.

SWALI: Mwalimu, huku kwetu Chamwino kuna korongo kati ya kijiji na shule. Juzi lilijaa watoto wakachelewa, kufika getini mwalimu wa zamu kawachapa wote, na mwanangu wa darasa la pili ana alama mapajani. Sheria inasemaje? (Baba Yohana)

JIBU: Sheria inasema viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na korongo kujaa sio utovu wa mtoto. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, waangalie umri na afya, na kila tukio liandikwe kwenye kitabu mwalimu mkuu asaini. Sasa huo uchapaji wa getini wa kuchapa mstari mzima kama unapura mtama, hakuna kitabu kinachoandikwa pale. Nenda kwa mwalimu mkuu na mtoto, omba kuona kitabu cha adhabu cha siku hiyo, usiongeze neno. Na kama alama ni mbaya mpeleke zahanati kwanza, waandike walichoona.

Mi binafsi kwa madarasa haya madogo sioni fimbo inasaidia nini hata hivo vinne. Anayechelewa darasa la pili kachelewesha mtu mzima au kacheleweshwa na njia.

Kuhusu korongo lenyewe, msiwaachie watoto waamue. Wageni wanaohamia Dodoma na serikali hawajui, maji ya korongo yanakuja hata kwenu hakujanyesha, yanatoka juu huko, mchanga ni mkavu na dakika chache baadae linanguruma. Panganeni wazazi, siku za mawingu mtu mzima mmoja asimame pale asubuhi na mwingine wakati wa kutoka, likijaa hakuna kuvuka, wasubiri au warudi nyumbani, na simu ipigwe kwa mwalimu kwamba watoto wa upande ule leo wamekwama. Mwalimu mkuu akishalijua hilo kwa kikao, mwalimu wa zamu hana la kusema.

SWALI: Mjukuu wangu anaandika kwa mkono wa kushoto, mwalimu wake kasema tumzoeshe wa kulia mapema. Nimfunge ule wa kushoto? (Bibi, Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo bibi. Usimfunge. Mwache aandike nao, kula na kupokea vitu kwa wakubwa mfundishe wa kulia kama desturi yenu inavyotaka, hiyo ni adabu, ila penseli ikae inapotaka. Ukimlazimisha ataandika vibaya kwa mikono yote miwili na ataichukia shule. Mwombe tu mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, maana akikaa katikati au kulia viwiko vinagongana na mwenzake na mistari inapinda, alafu wanachapwa wote wawili kwa ugomvi. Na daftari alilaze kidogo kuelekea kulia, aone anachoandika.

SWALI: Ni kweli darasa la saba limefutwa? Mwanangu yupo la kwanza, nijipangeje? (Baba K, Ilazo)

JIBU: Kwa mwanao ndiyo, ataishia la sita. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 ndo iliyoleta miaka sita ya msingi, na mitaala mipya ikaanza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu. Wale waliokuwa la tatu 2024 ndo wa kwanza kumalizia la sita, mwaka 2027, pamoja na la saba la mwisho, kwa hiyo mwaka huo kutakuwa na msongamano wa kwenda sekondari. Wa kwako bado yuko mbali na huo mchaka mchaka. We nunua daftari.

SWALI: Mwalimu tusaidie, grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa la kwanza B limekuwa vurugu. Saa tano usiku mtu anauliza homuweki ni ukurasa gani, mwingine anatuma picha ya daftari la mtoto wa mwenzake anacheka mwandiko, mwingine anauza mafuta ya alizeti. Mwalimu wa darasa yumo humo na hajibu chochote. (Mama Glory, Kisasa)

JIBU: Hajibu kwa sababu amelala mama Glory, kesho saa moja ana watoto themanini.

Chagueni wawili wa kusimamia, na grupu mlifunge, watume wao tu na mwalimu. Tangazo la shule linaingia mara moja jioni, kabla ya saa mbili, na mwenye swali lake anampigia mwalimu mchana wakati wa mapumziko au anakwenda shuleni. Picha ya daftari la mtoto wa mtu ikitumwa aliyetuma atolewe siku hiyohiyo bila kikao, huyo mtoto ana miaka sita na mwandiko wa Januari haujawahi kuwa mzuri kwa mtu yeyote. Homuweki ya darasa la kwanza mwezi wa kwanza haina ukurasa, ni kuhesabu vikombe wakati wa kuosha vyombo na kutafuta herufi m kwenye mfuko wa unga. Na yule wa mafuta ya alizeti mwambie aanzishe grupu lake, alafu unitumie namba yake pembeni, anauza lita shilingi ngapi?